Korali ya Katoyi na Uzi wa Mita Mia Sita

Aurélie Baharanyi alikuwa fundi wa sauti wa parokia moja ya Katoyi, magharibi mwa Goma. Majuma mawili kabla ya yubile ya parokia, Muzee Ntirenganya, aliyeongoza korali kwa miaka thelathini, aliteleza juu ya mawe ya lava akavunjika mguu. Akalazwa kwenye kituo cha afya, mita mia sita kutoka kanisani, na kukosa yubile kukamuuma kuliko mguu wenyewe.

Korali ikajaribu kufanya mazoezi naye kwa simu. Ikawa vurugu tupu. Sauti ilifika imechelewa. Muzee akihesabu mstari wa kwanza, wenzake walishaingia wa pili.

"Hii haiko wimbo, ni kelele ya soko ya Birere!" akafoka, akakata simu.

Aurélie hakulilalia jambo hilo. Vifaa vyake vilipeleka sauti kidijitali kwa waya wa shaba, ambao ukipita mita mia hivi hushindwa. Lakini fibre, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, huibeba sauti ikiwa mwanga, hata kilomita nzima, bila sikio kutambua kuchelewa. Alikuwa na fibre iliyoviringwa kwenye bobini, masalio ya kazi fulani, pamoja na visanduku viwili vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme.

Kuchimba hakukuwezekana, chini ni lava tu. Basi Habarurema, fundi umeme wa mtaa, akaupitisha uzi juu, kutoka paa hadi paa, mpaka kituo cha afya. Wenye nyumba walimshikia ngazi. Mama mmoja akahamisha hata kamba yake ya kuanikia nguo ili uzi upite.

Jumamosi asubuhi, korali ikisubiri kanisani na muzee kitandani kwake, wakaunganisha. Kimya. Aurélie akasafisha ncha za fibre, maana vumbi la Goma huingia popote. Bado kimya. Habarurema akajishika kichwa. Aurélie akainama tena, akatazama, kisha akaangua kicheko.

"Tumekosea, ndugu yangu! Nyuzi ziko mbili, moja ya kupeleka, moja ya kupokea. Sisi tumeunganisha kupeleka na kupeleka. Kila mutu anasema, hakuna wa kusikiliza!"

Akazibadilisha upande mmoja. Taa ya kijani ikawaka.

"Muzee, unatusikia?"

Jibu likajaa kanisa zima: "Nasikia bien! Mpaka ule mutu wa besi anayekohoa. Simameni vizuri, tuanze!"

Waimbaji wakapiga vigelegele kabla hata ya kuimba.

Siku ya yubile muzee aliketi kitandani na shati jeupe, mikro mbele yake, spika ndogo ubavuni. Akahesabu, korali ikaingia kwa pamoja, safi kabisa. Walipofika kwenye kiitikio, sauti nyingine zikatokea ndani ya kanisa, za watu wasioonekana: wagonjwa wa wodi nzima walikuwa wanaimba. Watu wakageuka kuitafuta korali hiyo ya pili. Mkono wa Aurélie ulishafika kwenye kitufe ili azipunguze. Akaziongeza.

Wimbo ulipoisha, kilio cha mtoto mchanga, aliyezaliwa pale kituoni alfajiri ileile, kikasikika mpaka altareni.

"Ule mutoto ana sauti ya kwanza," akasema Muzee Ntirenganya, na kanisa zima likamsikia. "Mumuandike ku korali."