Sinia la Pili la Mama Tanjil

Mtaani kwao Komila, mtoto akifaulu, mama yake hana haja ya kujigamba. Hupeleka sinia. Madonge ya maziwa yaliyolowa shira, nyumba kwa nyumba, na kila mlango humfungukia. Jobeda, mke wa fundi cherehani, alikuwa amekula ya wenzake miaka na miaka akisema hongera kwa meno ya mbele. Siku mwanawe Tanjil alipopata chuo kikuu Dhaka, sinia likawa lake.

Kasoro ilikuwa moja tu. Chuoni wenye alama za juu huchagua kwanza: sheria, uchumi, Kiingereza. Wa mkiani huokota kilichobaki. Tanjil aliokota Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Wabudha.

"Kipara?" Jobeda aliuliza.

"Kipali, mama. Shahada ni shahada. Mtihani wa kazi za serikali hauulizi mtu alisoma nini."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Kohinoor, mjane jirani. Alitia donge kinywani, akalamba vidole.

"Anasomea nini mwanetu?"

Ulimi ukamteleza Jobeda. "Sheria."

"Wakili! Hee, mama Tanjil, sasa sisi tutakusogelea vipi?"

Mlango wa pili haukuwa mgumu kama wa kwanza. Kufika wa mwisho, mwenyewe alishaanza kuamini.

Iddi ya mwaka uliofuata Tanjil akaja nyumbani. Hajamaliza bakuli lake la tambi za maziwa, Kohinoor huyo, hati za shamba kwapani. Shemeji zake walitaka kumpokonya kipande alichoachiwa na marehemu, naye hakuwa ametafuta wakili. Wa nini, na wa kwao yupo?

"Wakili wetu! Hebu nisomee hapa. Kesi Jumapili, korti ikifungua wiki, na wale mashemeji nimewaambia, njooni, nina mwanangu!"

Tanjil alimtazama mama yake. Jobeda alikuwa anaangalia birika, kana kwamba lingemjibia.

"Mama mdogo," Tanjil akasema taratibu, "mimi sisomi sheria. Nasoma Kipali."

"Hiyo ni sheria ya wapi?"

"Si sheria kabisa."

Kohinoor akazikunja hati zake moja moja. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Ungewadanganya wengine, dada," alisema. "Mimi ungeninong'oneza tu."

Akatoka. Jobeda akajiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi aliuweza. Tanjil hakugomba.

"Kila ukinipigia simu ulikuwa unaniletea salamu za majirani," alisema. "Nikadhani ni zangu. Kumbe ulipeleka sinia la mtoto mwingine."

Asubuhi akafunga mfuko wake, likizo haijaisha. Mlangoni aliinama kugusa miguu ya mama yake kwa heshima, kama anavyofanya siku zote, na Jobeda, mwanamke aliyetembea mtaa mzima kichwa juu, akaona haya miguu yake kuguswa. Alitaka kusema neno. Akasema, "Umechukua kandambili zako?"

Basi lilipokwisha kuondoka akajitanda shali, akaenda dukani kwa muuza madonge, akapanga sinia lile lile. Alianza mlango ule ule.

Kohinoor alifungua nusu. "Makubwa! Amefaulu mara ya pili?"

"Ni kule kule kufaulu kwa kwanza." Jobeda hakujua aweke wapi macho. "Tanjil wangu anasoma Kipali. Ki-pa-li. Sheria niliisema mimi. Niliona haya."

"Ulimwonea haya nani? Yule kijana?"

Jobeda akamsogezea sinia.

Kohinoor hakugusa donge hata moja. "Kesi yangu Jumapili," alisema.

"Najua. Baba Tanjil anamshonea majoho wakili mmoja mjini. Kesho asubuhi twende wote, na nitamweleza mwenyewe kwa nini umechelewa."

"Utamweleza yote?"

"Yote."

Kohinoor hakusema ndiyo, wala hakufunga mlango. Jobeda akalinyanyua sinia, zito, halijapungua hata donge, akageukia mlango wa pili. Nyuma ya huo ilikuwepo ile mingine yote.