Mizizi Iliyokataa Kushuka

Mwaka ambao baba alisimamishwa kazi kiwandani, mama alilima kiwanja chetu chote katika mtaa wa Panda, mpaka chini ya madirisha. Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri, mahindi yakaota, kisha mvua ikakatika. Jua likawaka wiki tatu. Adhuhuri sikuweza kukanyaga udongo bila viatu.

Kila mchana mama alimwagilia kikopo kwa kikopo, na kila mchana majani yalizidi kujikunja. Jirani yetu, mama mmoja ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, alimtazama siku kadhaa, kisha akaingia.

"Ndugu yangu, unayaua."

"Minye naua? Na maji yote hii, yaya?" mama akauliza, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake.

Jirani aling'oa mche mmoja. Ulitoka bila kukaza. Mizizi yake ilikuwa mifupi, ncha zimekuwa za kahawia, na yote ilikuwa imetambaa kando. Hakuna hata mmoja ulioshuka.

"Maji kidogo inabakia juu, na juu iko moto. Mizizi inafuata maji, inaungua. Mwagilia asubui, maji mingi, kisha uache siku tatu. Na ufunike udongo."

Tulikata nyasi kando ya reli, tukatandaza. Siku chache baadaye niliingiza mkono chini yake, nikakuta ubaridi.

Wiki ileile vijana walianza kusimama ng'ambo ya barabara, wakiitazama nyumba ya jirani. Mmoja alimuuliza mama, kwa adabu kabisa, ile nyumba ina vyumba vingapi.

"Sijawahi kuingia," mama akasema. Alikuwa ameingia mara mia.

Jioni alimweleza jirani. Yeye aliendelea kuchekecha unga. "Banasema batu ba Kasai turudi kwetu. Minye nilizaliwa hapa, karibu na hospitali. Nitarudi wapi?"

Siku nne baadaye jirani na watu wa nyumba yake walibeba magodoro kwenda stesheni, kungoja treni pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa, chini ya maturubai, kwenye joto lile. Tuliwapelekea maji hadi askari walipotukataza.

Mvua ilirudi. Mahindi yakasimama, na miezi miwili baadaye mama akavunja ya kwanza mabichi, akayachemsha, akanishika mkono tukaenda stesheni. Safari hii tuliruhusiwa kupita. Chini ya turubai lao tulikuta familia nyingine.

"Bale balipanda treni juzi," mwanamke mmoja alisema. "Ule mama balimubeba. Alikuwa mugonjwa sana."

Mama aliwagawia mahindi watoto wa yule mwanamke, mpaka kapu likawa tupu. Kisha akaketi chini kati yao, na kwa muda mrefu hakutaka kuinuka.