Bunduki Aliyoikwangua Kaka

Mpaka leo nikimwona kaka yangu sokoni Ifakara nabadilisha njia. Watu wanasema nina kisirani. Waache waseme.

Baba alikuwa na bunduki mbili za zamani, kila moja ya mitutu miwili. Mitutu ya bunduki ya kwanza ilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya chuma laini na chuma kigumu, vikasokotwa, vikazungushwa kwenye nondo na kugongwa vikiwa vya moto mpaka vikashikana. Mistari yake imepishana kama ukili wa mkeka. Nzuri, usipime! Ya pili ilikuwa chuma kitupu cheusi, kipande kimoja kilichotobolewa katikati, haina hata ua. Hiyo ndiyo aliyofukuzia viboko. Ile ya mistari hakuitia risasi hata siku moja. Alitueleza wote wawili, mimi na kaka, kwamba iliundwa enzi za baruti nyeusi inayosukuma taratibu. Risasi za siku hizi zinapiga kwa nguvu, na kutu ikishaingia kwenye maungio huioni mpaka mtutu ukupasukie mkononi.

Baba alipofariki, kaka akasema ile ya mistari ataifungia kabatini iwe kumbukumbu, na ya kazi achukue shemeji yake, yaani mume wangu, alindie mpunga wetu wa Lupiro. Kibali kikahamishwa polisi, kila kitu sawasawa. Mume wangu alishukuru mpaka nikaona aibu.

Jioni aliyokuwa anajiandaa kwenda kulinda kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nasugua kambale kwa limau kutoa utelezi. Akaniomba nimpe bunduki. Nikaishika kwa mikono yangu ile ile yenye limau, vidole vikatoka vyeusi. Nikapangusa kwa upindo wa khanga, weusi ukazidi kutoka. Chini yake chuma kimepigwa msasa. Nikakamulia limau palepale, maana ukali wake hauli chuma laini na kigumu sawasawa, nikasubiri, na mistari ikaanza kujitokeza mmoja mmoja. Ukili ule ule.

Mume wangu, mtu mwema kupita kiasi, akasema labda shemeji amekosea. Kukosea gani? Mtu anakosea na msasa mkononi? Nilimkatalia kwenda shambani, na viboko wakala walichokula.

Asubuhi tukavuka mto kwenda kwa kaka, bunduki anayo mume wangu. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nililelewa, lakini ilinitoka kwa uchungu. Nilipomwonyesha ile mistari akacheka. Eti mashemeji hutaniana. Eti bunduki ni bunduki, isitoshe ni ya kupiga hewani tu, nani atadhurika? Mume wangu naye akaanza kutabasamu, na hapo ndipo damu iliponichemka. Nikaichukua bunduki, nikailaza mezani mbele ya kaka, nikaweka risasi moja pembeni yake.

“Kaka, toka nje uipige moja tu, hewani.”

Kicheko kikakatika. Akaitazama risasi, akautazama mlango, kisha akaingiza mikono yote miwili mifukoni. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele, akaacha kupepeta. Tabasamu likamtoka mume wangu.

Mikono yake mwenyewe kaka alijua kuitunza. Ya kujaribia ilikuwa ya mume wangu.