Ufa Juu ya Migomba ya Baba

Mzungu wa mawe alikuja kwetu kutafuta volkano iliyokufa. Huko Lushoto aliambiwa kwamba juu ya mlima wetu, nyuma ya Mlalo, kuna shimo la mviringo, na wazee wanasema zamani mlima ulitapika moto pale. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na Kiingereza nilikijua cha kuombea maji. Nikachukuliwa kuwa mkalimani. Najuta mpaka leo kwamba nilikijua hata hicho kidogo.

Tulianza kupanda asubuhi, yeye na nyundo yake, mimi na mfuko wa mawe uliozidi uzito kila aliposimama. Ni mwinuko mtupu ule. Tulishika mizizi kwa mikono, ukungu ukatulowesha chapachapa. Kule juu akateremka shimoni, akapasua jiwe, akalitazama, akacheka. Lilikuwa na mistari, mmoja mweupe, mmoja mweusi, tena mweupe. Akasema jiwe hilo liliivia chini kabisa ya ardhi, na kwamba ardhi ilipokatika, milima yetu iliinuliwa mizimamizima. Haikuwahi kuwaka.

"Na shimo je?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole: ubavu wa mlima ulimeguka zamani, ukaporomoka, ukaacha bakuli. Niliona aibu, maana mwaka mzima nilikuwa nikiwachorea watoto ubaoni ule moto.

Wakati wa kushuka ndipo alipouona ufa. Ulikatiza juu ya migomba ya baba yangu, umefunikwa na majani makavu. Akatumbukiza nyundo, mpini wote ukazama. Hakucheka tena. "Mwambie mzee ahame kabla ya masika," alisema. "Mwambie leo."

Leo! Mgeni hajui. Kwetu mtoto hamwambii baba yake aihame nyumba aliyoachiwa na babu. Neno zito kama hilo hupitia kwa mjomba, ambaye ni shemeji yake. Yeye atamtania kwanza, watacheka, kisha atalitua taratibu. Nimekuzwa na "heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi", na mimi, mpumbavu wa kusoma, nikaiamini methali kuliko ufa.

Baba alikuwa uani akichambua maharage. Tangu mama atutoke alikuwa akiishi peke yake.

"Shikamoo, Tate," nikamwambia. Tate ndiyo baba kwa Kishambaa chetu.

"Marahaba. Haya, mlima una moto?"

"Hauna, Tate. Haujawahi kuwaka."

Akapiga makofi. "Si nilisema! Mlima huu hauna ubaya na mtu."

Nami nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu, kisha nikakaa nikala naye maharage yale.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu hadi Shume, mjomba alikokuwa akipasua mbao. Alinisikiliza, akaguna, akanisifu kwa kupitia kwake. Akasema angekuja Jumamosi. Nilirudi moyo mweupe kabisa, jamani, kwa kuwa nimefuata adabu.

Mvua ikaanza Jumanne, kabla ya wakati wake, na haikupumua. Kila asubuhi nilipita kwa baba, nikamsalimia, nikamwona akiota moto, nikaenda shule. Nilijiambia siku zimebaki chache tu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni kila siku, na kila siku niliyameza.

Alhamisi nilikuwa darasani tuliposikia ngurumo isiyo ya radi. Watoto wakapiga kelele kwamba mlima umeamka, kama nilivyowafundisha. Mimi nilijua si moto. Nilikimbia nikianguka na kuinuka, na nilipofika hapakuwa na ua, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na tope jekundu, na migomba mizizi juu. Tulichimba kwa majembe, kijiji kizima, siku hiyo na iliyofuata. Hatukumpata. Hata leo sina kaburi la kwenda kulipalilia.

Jumamosi mjomba alifika, kama alivyoahidi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, limelowa. Habari ilikuwa imemkuta njiani, baada ya kutwa nzima ya kupanga utani wa kuanzia. Alisimama ukingoni mwa tope, kisha akanigeukia mimi.

"Ulikuwa ukimpitia?"

"Kila asubuhi, mjomba."

"Ukimwambia nini?"

"Shikamoo," nikasema.