Tulivyong'oa Paa la Mzee Athumani

Nimeona niwasimulie mwenyewe, maana jumuiya yetu nzima pale Nyakato imeshausambaza mkasa huu na kila mmoja anauongezea chumvi, wakati aibu yenyewe ilivyo inanitosha.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kiwanda chetu kimeuzwa, wengi wetu tumepunguzwa, basi jumuiya ndogo ya kanisani ikaona badala ya kukaa tunalaumu, tumwezekee upya Bibi Nyanzala, mjane aliyekuwa anavujiwa kila masika. Mabati mapya tulishanunua kwa michango. Nyumba alikuwa anaijua katibu wetu, Mama Fransiska, lakini siku ile alichelewa, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa ziwani, mimi nikasema twendeni, kwa bibi napajua (niliwahi kuonyeshwa kwa kidole, kwa mbali, nikiwa juu ya baiskeli).

Tukakuta mlango una kufuli. Nikawaambia wenzangu bibi kaenda Bujora kwa mwanawe. Habari hiyo niliitoa wapi, hata leo sijui. Tukapanda, tukaanza kung'oa. Mabati yalikuwa yameoza, ukiyagusa yanapasuka, na kila lilivyoshuka moja nikazidi kujiona nimefanya la maana. Mwenzetu Petro akachungulia ndani, akaona magunia ya dagaa yamepangwa hadi karibu na kenchi.

"Bibi mjane, na dagaa wote hawa?"

"Anajikimu," nikamjibu. "We ng'oa."

Majirani walikaa barazani wanatutazama bila neno (baadaye walisema walidhani mwenye nyumba katukodi).

Tumemaliza kung'oa ndipo akaja bibi kizee na ndoo ya togwa kichwani. Tukamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Nimewasubiri kwangu tangu asubuhi, nikasikia nyundo huku. Kumbe na Athumani naye mnamwezekea?"

Nilibaki nimekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, na tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni.

Mzee Athumani, mwenye nyumba na mwenye dagaa, alifika muda si mrefu akitokea Busisi kwenye biashara zake, akakuta nyumba iko wazi kama sufuria lisilo na mfuniko. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, nimekukosea nini?" Afadhali angenipiga. Kisha akakimbilia msikitini, watu ndio wanatoka swala ya alasiri, wakaja na kanzu zao, tukabeba magunia pamoja kwenye mvua hadi madrasa, na Mama Fransiska naye akatukuta humo humo kwenye matope, akanitazama, akaguna, akabeba gunia.

Mabati mapya yakaenda kwa Mzee Athumani, maana mabati yake tulishayapasua. Sisi tulikuwa tunaona haya kulitamka hilo, akalitamka bibi mwenyewe: "Mimi nimezoea kuvujiwa. Dagaa hawajazoea."

Baadaye watu wa msikitini wakachanga pamoja nasi, Mzee Athumani akiwa wa kwanza kutoa, tukamwezekea bibi, wao na sisi juu ya paa moja. Mimi nilikatazwa kupanda. Nilipewa kushika ngazi, na kila aliyeikanyaga aliinama kuniuliza kama nina hakika ndiyo nyumba yenyewe.

Tangu hapo nikitumwa kumsaidia mtu, kwanza napiga hodi, halafu nasubiri nisikie sauti yake mwenyewe ikinikaribisha. Asipoitika, narudi nyumbani.