Nyumba Iliyofichwa na Mti

Ungekubali kuvunjiwa nyumba kwa sababu ndege haikuiona?

Shangazi yangu alikataa. Ni mjane, fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili ameshonea nusu ya mtaa sare za shule katika chumba chake cha mbele, chini ya mti mkubwa uliofunika bati lote. Hupima kwa macho. Utepe wa kupimia, anasema, ni wa kumridhisha mteja. Wiki iliyopita ukuta wake ulipigwa X nyekundu. Nyumba zilizokuwepo kabla ya mpango wa barabara mpya zingebaki, zilizojengwa baadaye zingebomolewa. Yake iliandikwa ya baadaye.

"Mama, jionee mwenyewe," alisema karani wa ramani tulipomfuata ofisini, akitugeuzia kompyuta. Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, mwezi mpango ulipopitishwa, ilionyesha mti tu. "Nyumba haipo."

"Na barua hii ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba nyumba ni ya zamani?" niliuliza.

"Barua inaweza kuwa imeandikwa hata jana, kijana. Tunafunga saa tisa. Tingatinga ni kesho asubuhi."

Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ofisi gani hii," nilifoka, "inatazama watu kutoka mbinguni kama vile ni Mungu?"

Shangazi alinifinya mkono. "Hasira haishoni hata kifungo."

Hapo nikakumbuka: nikiwa bado shule, gari lenye kamera lilipita mtaani likipiga picha. Ramani ile ya kwenye kompyuta ina njia ya kushuka hadi kwenye picha hizo, ukatembea ndani yake. Nikaomba nijaribu. Karani alinisukumia kipanya. "Haya, msomi."

Nilishuka vibaya. Mara ukuta wa shule, mara barabara ya pili. Dakika zikayoyoma.

Shangazi alivuta kiti. "Huko juu sipajui, mimi si kunguru. Nishushe kwa kinyozi wa mtaani kwetu."

Nikaburuta alama ya kushukia hadi kwa kinyozi. Ramani ikainama, nyumba zikasimama wima, picha ikatulia.

"Kushoto. Nenda. Polepole, unanikimbiza! Hapo pana shimo."

"Shimo la picha halivunji mguu, shangazi."

"Wewe lipite kwa pembeni."

Tulifika kwenye mdomo wa kichochoro. Lori lilikuwa limeziba kila kitu. Saa tisa kasoro dakika tano. Karani alishika funguo.

"Rudi hatua moja," alisema shangazi. "Hata lori lina mwisho wake."

Nikarudi, nikageuza. Nyuma ya lori, chini ya matawi: mlango, na sketi mbili za sare zimetundikwa.

"Pindo langu hilo!"

"Mlango huo unaweza kuwa wa popote," alisema karani.

Bila kusogea, nikabonyeza turudi kwenye ramani. Picha ikalala chini, na kimshale cha kuonyesha tulikokuwa tunatazama kikawa kinaelekea palepale kwenye mti. Tarehe ya ile picha ya mtaani, pembeni, ilikuwa ya miezi minne kabla ya mpango.

Karani aliweka funguo mezani. "Niachieni hii." Hakuahidi kitu. Hatukulala.

Kesho yake saa moja tingatinga lilinguruma barabarani. Mbele yake alitembea karani, na kopo la rangi mkononi. Alisimama chini ya mti, akatazama juu, akaona majani. Akatazama mbele, akaona mlango. Akampungia dereva azime injini, kisha akaifuta ile X kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe.

Shangazi alitoka na kitambaa. "Umedondoshea kizingiti rangi, mwanangu. Pangusa."

Akainama, akapangusa.