Maikrofoni Isiyosikia Ubavuni

Saa tatu asubuhi, Opal Stiltner amepiga magoti ndani ya lililokuwa duka la chakula cha mifugo, sasa studio yake, kusini-magharibi mwa Virginia, Marekani. Anaisogeza maikrofoni kwa upana wa kidole, kisha anairudisha. Mbele yake ameketi Vester Ratliff, 74, aliyechimba makaa tangu ujana. Pembeni inanguruma mashine inayompa hewa. Haizimwi hiyo, ikizimwa, mzee naye anazimika.

Vester anataka wimbo wa kupigwa mazishini kwake, na mwimbaji awe yeye mwenyewe.

"Mchungaji simwachii," anasema. "Akiuimba yule, nitaamka nitoke nje."

"Nyamaza wewe mzee," mkewe Verna anamkemea. "Pumzi zenyewe za kuazima!"

Utani huo una uchungu. Daktari amesema sauti hiyo haitafika Krismasi.

Jana walishindwa. Opal, fundi sauti kwa miaka 31, alitumia maikrofoni yake ya bei ghali, inayonasa hata nyayo za paka. Ikanasa wimbo pamoja na mngurumo.

"Ni ujinga wetu mafundi," anakiri. "Tunadhani maiki nzuri ni ile inayosikia kila kitu."

Zipo zinazosikia mbele tu, lakini hizo zingemwacha Verna nje, na wawili hawa wameimba wakitazamana kwa miaka hamsini. Kwa hiyo leo Opal ameleta maikrofoni kuukuu ya marehemu baba yake, yenye utepe wa alumini mwembamba kuliko unywele. Husikia mbele na nyuma. Ubavuni ni kiziwi kabisa. Vester yuko mbele, Verna nyuma, mashine ubavuni.

Wanaimba dakika tatu. Opal anamvisha Verna spika za masikioni asikilize rekodi.

Ghafla mama huyo, spika zikiwa bado masikioni, anamshika mumewe mkono. "Opal! Mashine imezima!"

Haijazima. Inanguruma vilevile.

Vester anazivaa, anafumba macho. "Miaka sita," ananong'ona, "sijaisikia sauti yangu bila mashine hii." Ni ajabu kubwa, na hakuna chumbani anayeona aibu kulia.

Opal hutoza dola 40 kwa saa, ila wachimbaji ambao mapafu yao yameharibiwa na vumbi la makaa hawalipi. Kanisani kwake wako kumi na tisa wanaopumua kwa mashine, na anataka kuwarekodi wote kabla ya theluji. Anayefuata ni kaka yake, Corbett, anayekataa akidai hajui kuimba.

"Nani kamwambia aimbe?" Opal anasema, akikunja nyaya. "Aniite jina langu tu, mara moja, vile alivyokuwa akiniita."